Kitaivaye?

Pakiti nne za biskuti za maziwa, za bei ya chini,
nimezimwaga kinuni, kinu cha mama
ambacho miaka thelathini hakijui
ila iliki, pilipili manga, kunde za bajia.
Leo chanung'unika. Chatoa vumbi tamu.

Mama, macho yamemwingia ukungu,
ageuza sikio kutoka kitandani:
"Watwanga nini?"
"Biskuti."
"Zilizokwisha kupikwa?"
"Ndiyo, mama."
"Wazivunja uzipike tena?"
"Sizipiki. Hiki hakipikwi."
Akanyamaza, kama mtu aliyesomewa barua isiyo yake,
kisha: "Kitaivaye?"

Siagi haikutaka jiko.
Niliiacha dirishani, na jua la Mkomani
likafanya kibarua bila kudai ujira.
Tabaka la kwanza nililikandamiza kwa kitako cha gilasi
pembe kwa pembe, kama fundi apigaye sakafu ya chokaa.
La pili nazi kavu, maziwa mazito ya kopo,
vanila kifuniko kimoja
(mkono ukateleza, vikawa viwili).

La tatu ndilo lenye kiburi.
Chokoleti niliinunua Langoni ikiwa ngumu,
ikafika nyumbani imelegea,
ina alama za vidole vya Famau kila upande.
Nikaiweka bakulini, bakuli juu ya maji yachemkayo.
"Nasikia stovu!" mama akasema.
"Ni maji tu, mama."
"Na maji yamechemka kwa dua?"

Saa tisa na robo friji ikakohoa,
ikatetemeka, ikakata kauli.
Mtaa mzima kimya. Feni zote zimekufa pamoja.
Na kesho Famau anahitimu juzuu,
nimewaahidi wenzake wa chuoni, kumi na wanane,
kila mmoja kipande.
Chokoleti ikaanza kuteremka ukingoni
taratibu, kama mtu anayetoroka deni.

Friza ya jua anayo Rukiya Shekuwe,
muuza barafu za ukwaju, mlango wa pili.
Hatujasemezana tangu mfereji wa paa letu
ulipolowesha ukuta wake, rangi haijakauka.
Hatua sita. Miezi saba nazihesabu
na kuziacha zilipo.

Mikono yote miwili ina sinia,
nikabisha kwa kiwiko.
Mlango ukafunguka. Hakuniangalia mimi,
aliangalia sinia.
Sikutoa salamu. Neno langu la kwanza
baada ya miezi saba lilikuwa "Kinayeyuka."
Akasukuma barafu zake kando, nyekundu na za ukwaju,
akajipangusa mikono kwa leso.
"Leta."

Asubuhi, kabla punda wa mchanga hajapita,
sinia ilirudi, imefunikwa kitambaa kisicho changu.
Nikakifunua: chokoleti imekaza, yang'aa,
ukigonga kwa ukucha yajibu.
Na pembe moja haipo.
Imekatwa mraba, safi, kama kwa rula.
Nikamtazama. Akautazama mfereji.
"Ukuta bado wavuja," akasema.
"Baba Famau ataleta saruji Jumamosi."
"Jumamosi ipi?"
Sikuwa na jibu. Akaenda zake,
lakini mlango wake hakuupiga kishindo.

Kisu nilikichovya maji ya moto, nikakifuta,
nikakichovya tena. Vipande ishirini, toa kimoja.
Kumi na wanane wa chuo. Kimebaki cha mama.

Akakitafuna upande wenye meno,
polepole, akitenga kwa ulimi
biskuti yake, nazi yake, na kile cheusi cha juu.
"Kimepoa tu," akahukumu. "Hakikuiva."
Na mkono wake ulikuwa tayari sinani
ukipapasa kingine, kipande hadi kipande,
mpaka ukatua pale penye pembe tupu,
ukatulia.
"Na hapa?"
"Hapo," nikasema, "kuna mtu alionda kwanza."